Siku sita kati ya Gura na Naro Moru: kutafuta kambi ya mtoto wa miaka 5 na babu wa miaka 78

Siku ya kwanza, Jumatatu. Thika hadi Nyeri

Tumeondoka Thika saa moja asubuhi, watu sita ndani ya gari moja: mimi, baba watoto, watoto wetu watatu, na baba yangu mzazi, ambaye wajukuu humwita Guka. Kitindamimba ana miaka 5. Guka ana 78. Safari hii nzima ni hesabu ya hao wawili: ni mahali gani pa kulala milimani patakapowafaa wote, mmoja anayeamka usiku kuomba choo, na mwingine ambaye magoti yake hayataki kuinama kuingia hemani.

Kila mtu alikuja na kambi yake kichwani. Baba watoto alitaka juu kabisa, mahali pa kufungua zipu ya hema na kuona nchi nzima. Kifunguamimba, mwenye miaka 13, alitaka maporomoko ya Karuru. Wa kati hakujali, mradi kuwe na wanyama. Guka alitamka neno moja tu: mto. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa kijana wa miaka kama 15, alilipwa kuwabebea wavuvi wa Kizungu vikapu na fito zao katika mito ya Nyeri. Alijua kila shimo walimojificha trauti, samaki wa maji baridi. Lakini ufito wenyewe hakuwahi kuushika. Haikuwa kazi yake, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama angependa. Alinisimulia hayo mwaka jana tu, tukimenya njegere jikoni, kwa sauti ile ile anayosemea habari za mvua. Tangu siku hiyo sijatulia moyoni.

Tulisimama sokoni Karatina kununua viazi, karoti na ndizi, kisha tukafika Nyeri kwa shangazi, ambaye alituagiza tusimike mahema uani kwake kabla ya kwenda popote. Namshukuru mpaka sasa. Hema letu lilikuwa sawa. Lile tulilokodi lilikuwa na vigingi vitano badala ya kumi na viwili, na kijiti kimoja cha mgongo kimepasuka kwenye kiungo. Aliyetukodisha hakupokea simu. Fundi mmoja wa jua kali alitukatia vipande vya nondo, akavikunja kichwa, na kile kijiti akakivika kipande cha bomba na kukikaza kwa waya. Saa mbili usiku tulikuwa na hema linalosimama. Yeyote anayekodi hema kwa ajili ya familia alisimike kwanza nyumbani, mchana, pasipo na upepo. Mlimani giza hushuka upesi na mtoto mwenye baridi hangoji.

Siku ya pili, Jumanne. Kupanda Nyandarua

Barabara ya kwenda lango la Kiandongoro hupita Tetu, nchi ya mashamba ya chai na mabonde yenye kina, nchi aliyozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Guka alinyamaza kutwa nzima mpaka tulipofika hapo, ndipo akaanza kuwataja watoto mito kwa majina, mmoja mmoja, kila tulipovuka daraja. Aliwaonya kwamba Chania hii ya Nyeri si ile Chania ya kwetu Thika. Ni mito miwili yenye jina moja, na yote inatoka katika milima hii.

Ndipo tukaufikia uzio. Nyaya za umeme zinazunguka msitu wote wa Aberdare, jina jingine la Nyandarua, takriban kilomita 400, kazi iliyokamilika mwaka 2009 baada ya miaka mingi ya kuchangisha fedha kwa mbio za magari ziitwazo Rhino Charge. Upande wa huku viazi na chai, upande wa pili msitu, na katikati mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Wa kati aliuliza uzio unamzuia nani. Guka akamjibu, "Unamzuia ndovu asile viazi, na unamzuia mwenye viazi asile msitu."

Malipo ya hifadhi tulikuwa tumeyamaliza Nyeri kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, maana langoni fedha taslimu hazipokelewi na mtandao unaweza kukuchezea. Baada ya lango, gari liliingia gia nzito na kubaki humo. Mianzi ilitufunika pande zote mbili, kisha ghafla mianzi ikaisha na tukatokea juu, kwenye uwanda wa nyasi za mashungi na vichaka vya erika, ukungu ukipita chini kwa chini kama kundi la kondoo. Hapo ni karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Thika ni kama mita 1,500. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, hivyo kabla hata jua halijazama tulikuwa tumepoteza nyuzi 9 za nyumbani. Hesabu hiyo nilikuwa naijua. Kuijua ni jambo moja, kumvalisha mtoto wa miaka 5 suruali tatu ni jambo jingine.

Kambi inaitwa Reedbuck, yaani tohe, na tohe wawili kweli walikuwa wamesimama majanini wakitutazama. Iko karibu na nyumba za wageni za wavuvi, na mto Gura hauko mbali. Baba watoto alichagua sehemu laini na sawa, kwenye kibonde kidogo chenye nyasi fupi, mahali ambapo mwili ulitamani kulala papo hapo. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori, alipita, akatazama kibonde, akatazama mahema, akasema kwa upole, "Mama, pale juu karibu na kile kichaka pangekuwa pazuri zaidi." Pale juu palikuwa na mawe na mteremko. Tulikuwa tumechoka. Tulimshukuru, tukabaki bondeni.

Tulipika ugali na kitoweo kwenye meko ya gesi, kwa sababu kuni za hifadhi haziokotwi. Saa tatu usiku kitindamimba alisema kichwa kinamuuma. Saa sita alilia kwa baridi, na tulikuwa tumemlaza katikati yetu. Saa tisa nilimsikia Guka akikohoa katika hema la pili. Nilitoka na tochi ya kichwani kumpelekea blanketi langu, na nilipoligusa hema lake lilikuwa gumu kama karatasi.

Siku ya tatu, Jumatano. Sakitu, Karuru na Gura

Kulipopambazuka kibonde chote kilikuwa cheupe. Si ukungu: ni sakitu, umande ulioganda kuwa barafu, imeshika kila jani, imeshika kamba za hema, imeshika hata viatu tulivyoacha nje. Nilipanda hatua 40 hivi hadi kwenye kile kichaka alichotuonyesha askari. Huko nyasi zilikuwa na umande wa kawaida, kijani. Nilisimama hapo nikiona mpaka kati ya weupe na kijani, umenyooka kama ukingo wa maji katika beseni.

Guka alinifuata polepole akiwa na fimbo yake. Huniita Mami, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Mami," alisema, "baridi ni kama maji. Usiku hutelemka, ikatafuta bonde, ikatulia humo. Sisi tulilala kisimani." Alikuwa analijua hilo tangu jana. Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba mkwe wake alikuwa amekwisha kupiga kigingi cha kwanza na hakutaka kumvunja moyo mbele ya watoto.

Tulihamisha mahema yote mawili kabla ya chai. Kichaka kikakata upepo, mteremko tukausawazisha kwa kukunja magodoro upande wa miguuni, na hema la Guka tukaligeuza mlango utazame jua linakochomoza. Kitanda chake cha kukunja, ambacho baba watoto alikuwa amekibishia sana kwa sababu ya uzito, ndicho kilichookoa magoti. Mzee huketi kwanza ukingoni, kisha huingiza miguu. Haanzi kwa kupiga magoti ardhini. Mkisafiri na mzee, acheni viti viwili nyumbani mbebe kitanda.

Karuru tulikwenda kabla ya saa tano, ukungu haujarudi. Maji yanaanguka mita 273 kwa ngazi tatu, na ng'ambo ya bonde unaona maporomoko ya Gura yakianguka upande wake, mito miwili ikiingia katika msitu mmoja. Kifunguamimba alishika reli ya jukwaa la mbao na hakusema kitu kwa muda mrefu, naye si mtoto wa kunyamaza. Kitindamimba nilimfunga mgongoni kwa leso kama alipokuwa mchanga. Hapo si mahali pa kumwachia mtoto mkono.

Alasiri ndiyo niliyoijia safari hii. Tulikuwa na kibali cha kuvua na ufito mmoja wa kuazima, na askari mwenye bunduki akatusindikiza hadi mtoni, maana nyati hupumzika katika vichaka vile vile ambavyo mvuvi hupenda kujibanza. Gura hapo bado ni mdogo. Mtu mzima anaweza kuuruka mahali pengine. Maji yake ni ya rangi ya chai ya rangi na baridi yake inauma mfupa. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Scotland, na mto waliotiwa samaki hao ni huu huu. Guka alibeba vikapu vya wazao wao bila mtu yeyote kumwambia kwamba samaki hao ni wageni, waliokuja kabla ya baba yake kuoa.

Baba watoto alimkabidhi ufito. Ikawa ajabu kumtazama: macho yalijua kila kitu na mikono haikujua chochote. Alinyoosha kidole mahali jiwe lilipogawanya maji na kusema, "Yuko pale nyuma, upande wa kivuli." Kisha akarusha, na ndoana ya manyoya ikanasa kwenye erika nyuma yetu. Akarusha tena, ikanasa tena. Askari aliweka bunduki begani, akaja akamshika kifundo cha mkono kwa adabu, "Mzee, niruhusu," akamwonyesha kwamba mshipi husubiriwa unyooke nyuma kabla ya kuurudisha mbele. Guka alijaribu mara nyingi, sikuhesabu. Watoto walikuwa wamelala kifudifudi ukingoni, hawapumui.

Mshipi ulipokazika hakupiga kelele. Alisema tu, "Ehe," kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Samaki hakuwa mkubwa, alizidi kiganja changu kidogo. Ubavuni alikuwa wa rangi ya dhahabu iliyofifia, na madoa meusi, na baina yake madoa mekundu machache, kila moja limezungukwa na kiduara cheupe. Guka alilowesha mikono kwanza, kama alivyoambiwa, ili asimharibu ngozi. Kitindamimba ndiye aliyeliona pezi dogo la nyama mgongoni, karibu na mkia, lisilo na miiba, kama kidole cha mtoto. Akauliza ni la kazi gani. Hakuna aliyejua. Wakaliangalia pamoja, vichwa vimegusana, wa miaka 5 na wa miaka 78, kisha Guka akashusha mikono majini na kuifungua.

Alikaa juu ya jiwe. Nilidhani amechoka. Baada ya muda aliniomba ufito tena.

Usiku huo, kwenye kichaka, wote walilala. Fisi walilia mbali. Viatu tuliviingiza ndani.

Siku ya nne, Alhamisi. Kiganjo, kisha Naro Moru

Tulishuka kurudi Nyeri na kupita Kiganjo, mahali pa serikali pa kutotolea trauti. Vifaranga vimejaa kwenye mabwawa membamba yenye maji yanayokimbia, kwa sababu samaki huyu hawezi maji yaliyosimama wala yenye uvuguvugu. Wa kati alielewa hapo kwa nini kambi za wavuvi ziko juu milimani na si Thika.

Kambi ya siku mbili zinazofuata ni ya mtu binafsi, kando ya mto Naro Moru, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Mara hii tulichagua mahali kwa subira. Guka alitangulia, sisi tukamfuata. Hakutazama mandhari hata kidogo. Alitazama kwanza vichaka vya ukingoni, akatuonyesha vijiti na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi, kimo cha kiuno changu. Hapo ndipo mto ulipofika mvua iliyopita. Akapanda juu ya alama hiyo, akaendelea kupanda. Kisha akatazama juu, akakataa kivuli kizuri cha mti mkubwa kwa sababu ya tawi moja lililokauka. Mwisho akamtuma kitindamimba ahesabu hatua za kwenda chooni. Zilikuwa 32. "Rudi ukazihesabu ukiwa umefumba macho," akamwambia, na mtoto akazihesabu akishika mkono wa dada yake. Njia ilikuwa sawa, bila shimo, bila kamba za hema la jirani.

Kuna mlinzi wa usiku, na maji ya kuoga yanayochemshwa kwa kuni kwenye pipa. Ya kunywa tulichemsha wenyewe, kwa sababu juu yetu kuna ng'ombe na mashamba, hata kama maji yanang'aa. Mto wenyewe umepungua sana, Guka anasema. Anakumbuka kina cha kifua mahali ambapo leo wajukuu wanavuka kwa mawe. Kutoka hapa hadi kwenye nyika za kaskazini mto unanywesha mashamba mengi kabla haujaufikia Ewaso Nyiro, na wafugaji wa huko chini wanangoja kinachobaki. Aliposema hivyo alinyamaza, nami sikuwa na la kuongeza.

Siku ya tano, Ijumaa. Lango la Naro Moru, na mto kujaa

Asubuhi tulipanda hadi lango la Naro Moru la hifadhi ya Mlima Kenya, kilomita kama 17, kwenye mita 2,400. Tuliikagua kambi ya hapo kwa ajili ya safari ijayo: msitu mzito unaokinga upepo, mbega wakiruka juu yetu na mikia yao meupe, askari karibu. Inafaa watoto wa kuanzia kama wa kati, miaka 9. Juu zaidi, kwenye Kituo cha Hali ya Hewa, mita 3,050, nisingempeleka kitindamimba kulala. Kilele cha Batian kilifunguka dakika chache tu, kisha kikafungwa.

Tuliporudi mchana familia nyingine ilikuwa imefika, wazazi vijana na watoto wawili, nao wamesimika hema lao chini kabisa, kwenye mchanga, hatua tatu kutoka majini. Palikuwa panapendeza. Jua liliwaka kwetu, lakini juu mlimani mawingu yalikuwa meusi tangu saa saba.

Guka aliketi akitazama mto. Saa kumi aliniita. "Mami, sikiliza." Sikusikia kitu. "Sauti imeshuka," alisema. Maji yalikuwa bado ya kimo kile kile, ila rangi ilianza kugeuka, kutoka ya kioo kuwa ya kahawia, na jani moja, kisha majani kumi, yakapita. Hakusita mara hii. Aliinuka, akashuka kwa fimbo hadi kwa wale vijana, akavua kofia, akawaamkua, akasema, "Wanangu, naomba niwasaidie kuhama."

Walimtazama, wakanitazama, wakaona rangi ya maji. Tulihamisha hema lao zima bila kulikunja, watu sita tukilishika pembeni. Robo saa baadaye mchanga ule haukuonekana. Mto haukufika kwetu. Uliishia kiganja kimoja chini ya vile vijiti vilivyonasa, ukatulia hapo, ukinguruma hadi usiku. Yule mama kijana alitupikia chai yenye tangawizi, na mtoto wake mdogo akalala mapajani mwa Guka kama aliyemzoea.

Siku ya sita, Jumamosi. Kurudi

Alfajiri mto ulikuwa umerudi mahali pake, umeacha tope kwenye nyasi. Kuvua hakukuwezekana, maji bado mazito. Guka hakusikitika. Alimkalisha kitindamimba ukingoni na kumfundisha kurusha mshipi usio na ndoana, nyuma, subiri, mbele, nyuma, subiri, mbele, na lile neno "subiri" mtoto akawa analisema yeye mwenyewe kwa sauti.

Tumefika Thika saa kumi na moja jioni. Ufito wa kuazima umesafishwa. Hema la kukodi litarudi Jumatatu na vigingi kumi na viwili vya nondo, mali yetu, na mwenyewe nitamwonyesha kile kijiti kilichopasuka. Hema letu limeanikwa uani, bado linanuka ukungu na moshi. Guka amekwisha kupiga simu mara mbili. Mara ya kwanza kuuliza kama limekauka. Mara ya pili kuuliza ufito wa kuvulia unauzwa wapi.